Usukani wa Koko Kakenya

Wasso, 12 Juni 2025

Kwa Fundi Silvanus,
Karakana ya kukereza vyuma, Karatu

Shikamoo Fundi.

Mimi naitwa Nanyori, katibu wa kikundi cha akina mama wa hapa Wasso wanaotengeneza jibini. Hunijui, ila Metui, kondakta wa basi letu, anakujua, na ndiye aliyenipa jina lako. Nilikutumia picha sita kwa simu, hukujibu hata moja. Metui akacheka, akasema wewe husomi picha, unasoma karatasi. Basi karatasi hii hapa, na ataileta yeye mwenyewe.

Fundi, tumepata mashine! Ya kukamulia jibini, chuma kizito, ina skrubu ndefu katikati inayoshuka na kubana maziwa yaliyoganda mpaka maji yote yatoke. Tumeinunua Arusha kwa mtu aliyekuwa anafunga kiwanda chake. Tulipoishusha kwenye basi akina mama waliimba hadi watu wa ofisi za wilaya wakatoka nje kutazama kuna nini. Kumbe haina usukani! Lile gurudumu la juu la kuzungushia skrubu halipo, imebaki shafti tupu imesimama. Tumejaribu kuizungusha kwa spana ya bomba, inateleza tu na kukwangua.

Jumamosi ya tarehe 19 Julai anakuja Bwana Yohani, mpishi mkuu wa hoteli moja ya huko kwenu, kuonja jibini yetu. Akiipenda, hoteli itaichukua kila wiki. Atakayezungusha mashine ni bibi yangu, Koko Kakenya, maana ndiye anayejua maziwa, sisi wengine tunamfuata. Naye amesema wazi mbele ya kikundi kizima: akishindwa kukamua kwa mkono wake siku hiyo, anafunga mzigo, anarudi Nainokanoka kwa mwanawe, na mashine tuipandie maua. Bila yeye hakuna jibini, Fundi. Na mimi amenilea yeye, sitaki kuishi hapa bila yeye.

Tuchagulie usukani, tafadhali. Wowote!

Wako,
Nanyori

*

Karatu, 16 Juni 2025

Binti Nanyori,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka maziwa. Mke wangu Penina aliifungua kabla yangu, na sasa kila asubuhi ananiuliza usukani wa Wamaasai umefikia wapi. Zamani babu zako na babu zetu sisi Wairaqw walikuwa wanajibizana kwa mikuki kwa ajili ya ng'ombe. Leo ninyi mnataka niwasaidie kukamua maziwa ya ng'ombe haohao. Nimefurahi, sikufichi.

Picha zako niliziona. Picha haiingii kwenye vernia, kile chombo changu cha kupimia unene, na "wowote" si saizi.

Ukutani kwangu zimetundikwa sukani za kila namna. Upo wa chuma cha kumimina, imara kweli, lakini maji ya maziwa yataupa kutu, na kwa baridi ya huko asubuhi utauma viganja. Upo wa plastiki, mwepesi na msafi, ila siuamini kwenye skrubu inayobana. Upo wa aluminiamu, hauli kutu, na huo ndio ninaoutazama kwa jicho zuri. Halafu kuna ukubwa. Mpana hauhitaji nguvu nyingi lakini mkono unasafiri mbali. Mdogo hauchukui nafasi lakini unadai misuli. Tena kuna mpini uliogandishwa, na kuna mpini unaozunguka wenyewe ndani ya kiganja. Watu wananunua usukani kama wananunua sufuria, kisha wanalaumu mashine.

Mimi naanza na mtu. Kwa hiyo nijibu: Koko anazungusha akiwa amesimama au ameketi? Kwa mkono gani? Nguvu zake zikoje? Nitumie kipimo cha unene wa shafti. Na umchore mkono: auweke juu ya karatasi, wewe pitisha kalamu kuuzunguka. Nataka mkono wake mwenyewe, maana mpini nitaukereza kwa mkono huo.

Ni mimi,
Silvanus

*

Wasso, 20 Juni 2025

Shikamoo Fundi.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya kikundi, na nilipofika kwenye mikuki walipiga vigelegele! Sinyati, jirani yetu mwenye mabega mapana, anasema usukani upakwe rangi nyekundu. Wengine wanataka bluu. Tumebishana mpaka ndama wakafungua zizi wenyewe.

Unene wa shafti ni huu hapa ndani ya bahasha. Hatuna chombo cha kupimia, lakini Koko alicheka, akasema tangu utoto amepima mikono ya ukoo mzima kwa shanga, sembuse chuma ambacho hakitikisiki. Akatia shanga kwenye waya, akauzungushia shafti, akaufunga. Ndiyo hiyo pete, ipime.

Atazungusha ameketi kwenye kigoda, mashine ikiwa juu ya meza fupi. Mkono ni wa kulia. Nguvu zake ni za kawaida, mzima kabisa. Mkono nimeuchora nyuma ya karatasi hii.

Fundi, fanya haraka! Mimi silali vizuri kwa furaha.

Nanyori

*

Karatu, 27 Juni 2025

Binti Nanyori,

Metui amebeba usukani wenu kwenye gunia, nimemwambia auweke miguuni pake na si juu ya keria. Ni wa aluminiamu, upana wa sentimita thelathini. Pete ya Koko nimeipima mara tatu kwa vernia: milimita thelathini na moja. Tundu la katikati nimelitoboa hivyohivyo. Mpini ni wa mti wa loliondo, nimetumia mti wenye jina la huko kwenu makusudi, na unazunguka kwenye beringi. Nimeufanya mnene kidogo ujaze kiganja. Rangi sijapaka. Endeleeni kubishana.

Nina swali moja la pembeni. Mkono uliouchora ni laini, vidole vimenyooka kama vya mwari, kwa bibi mwenye mjukuu katibu. Hayo maziwa yenu mnaweka dawa gani? Penina anaitaka.

Silvanus

*

Wasso, 2 Julai 2025

Fundi,

Usukani umefika, na haukushika.

Ulikuwa mzuri. Tuliupitisha mkono kwa mkono, kila mtu akauzungusha hewani. Tulipouweka kwenye shafti ukacheza. Unazunguka wenyewe, skrubu imetulia tuli. Sinyati akakata mpira wa tairi la pikipiki, tukaufunga katikati ukakaza. Tukamimina maziwa yaliyoganda, Koko akaketi. Akazungusha mara moja. Mara ya pili tukaona maji yanaanza kutoka, tukapiga kelele za furaha. Mara ya tatu mpira ukateleza, usukani ukakimbia, mpini ukamtoka mkononi.

Sinyati akamwambia, "Koko pumzika, nizungushe mimi." Alisema kwa upendo tu. Koko akamtazama, akautazama mkono wake, akainuka akaingia ndani. Nilipomfuata nilimkuta anakunja shuka zake na kuziweka kwenye sanduku.

Zimebaki siku kumi na saba. Kosa liko wapi, Fundi? Shanga zimetudanganya?

Nanyori

*

Karatu, 4 Julai 2025

Binti Nanyori,

Nimesoma barua yako nikaacha mashine inawaka. Nimechukua ile pete ya shanga hadi sokoni, kwa mama mmoja wa Kimaasai anayeuza shanga, anaitwa Nanyokie. Nikamuuliza, mama, hiki ni kipimo cha nini? Akaigeuza mara moja tu, akacheka mpaka wauza nyanya wakageuka.

"Baba, hii ni bangili," akaniambia. "Imeachiwa nafasi ya kupita. Nani atashona bangili ya kubana? Utaivua kwa shoka?"

Basi ndiyo hivyo. Mikono ya Koko imezoea kuacha nafasi, imeacha bila yeye kujua. Na mimi, fundi wa miaka ishirini na sita, nimepima pambo nikaliita shafti. Kosa ni langu, mwambie. Sasa fanya hivi: chukua barua hii, kata ukanda mwembamba wa ukingo wake, uzungushie kwenye shafti, ukaze kabisa, kata kwa wembe ncha zinapokutana. Nirudishie huo ukanda. Karatasi haina adabu ya kuacha nafasi.

Lakini kuna jambo la pili. Usukani ukiteleza kwenye shafti, mpini haumtoki mtu mkononi. Mkono ule uliouchora ungeushika bila shida, nimeukereza kwa huohuo. Mtu mwenye nguvu za kawaida pia haketi kwenye kigoda kukamua. Mficha uchi hazai, binti. Mkono ule ni wa nani?

Silvanus

*

Wasso, 6 Julai 2025

Shikamoo Fundi.

Ni wangu. Nisamehe.

Mwaka jana Koko alianguka akiwa anakamua ng'ombe. Alilazwa hospitali wiki tatu. Mguu ulirudi, maneno yalirudi yote, na mengine ya ziada, lakini mkono wa kulia ulirudi nusu. Vidole vimejikunja, havifunguki vizuri. Akishika kitu chembamba anakishika, kinene hawezi kukizunguka. Ulipoomba mchoro alinikatalia. Alisema, "Usiuchukue mkono wangu ukazunguke nao Karatu." Nikauweka wa kwangu, nikadhani ni mchoro tu.

Nimemwambia mara mia atumie wa kushoto. Anasema wa kushoto haujui maziwa. Yeye anajua jibini imekauka kwa jinsi inavyokataa mkononi, na huo ujuzi, anasema, uko kwenye mkono mmoja tu. Ndiyo maana hataki kumwachia Sinyati. Si ubishi wa uzee, Fundi. Anaona akiachia hapo amebaki mtu wa kuletewa chai.

Jana asubuhi nilimsomea barua yako yote, hata alivyocheka Nanyokie. "Utaivua kwa shoka!" Koko alicheka mpaka akakohoa, tangu mwaka jana sijamsikia akicheka hivyo. Akavuta karatasi, akaweka mkono juu yake, akaniambia, "Chora."

Umo humu ndani. Kalamu haikupita katikati ya vidole, vimebanana. Ukanda wa barua yako pia umo, nimeukaza mpaka ukalia.

Sanduku bado liko mlangoni.

Nanyori

*

Karatu, 11 Julai 2025

Kwa Bibi Kakenya, isomwe na mjukuu wake

Shikamoo Bibi.

Mkono wako umefika Karatu na haujazunguka popote. Uko juu ya meza yangu, umelaliwa na rula. Nimekaa nao siku tatu na nimefanya kazi ambayo sijaifurahia hivi tangu nijenge karakana!

Ukanda umetoa milimita themanini na nane kuzunguka shafti, yaani unene wa ishirini na nane. Ile pete yako ilikuwa na tatu za adabu. Usukani mpya ni mpana zaidi, sentimita arobaini na tano, ili nguvu zitoke begani na kiwiko na vidole visidaiwe chochote. Ubavuni mwa tundu kuna skrubu mbili ndogo, Nanyori azikaze kwa ufunguo niliofunga kwenye kitambaa.

Mpini ndio nataka uusikilize. Ule wa kwanza ulitaka ufungue vidole ndipo ushike. Huu hautaki. Ni mwembamba juu, unanenepa ukishuka, nao umesimama wima. Wewe acha ngumi yako ilivyojikunja, ishushe juu ya mpini kama unavyovaa bangili, mpaka ikae yenyewe. Mpini utazunguka ndani ya ngumi. Ni loliondo uleule, nimeupaka mafuta, hautauma kwa baridi.

Nimejuaje? Nyuma ya karatasi hii nimechora mkono wangu wa kulia. Hesabu vidole. Ni vitatu, Bibi. Vile viwili vya mwisho vililiwa na mashine ya kukereza mwaka 2009, na kila usukani wa karakana hii nimeubadilisha mpini ili unitii. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, nami nakwambia vitatu vinavunja na kubaki na nafasi. Lakini wateja siwaonyeshi. Fundi mwenye vidole vitatu akikwambia pima vizuri, utamcheka. Hata kanisani, Padre akisema tupeane amani, mkono huu unabaki mfukoni, naitoa kwa kushoto, watu wa parokia yetu ya Rhotia wananiona sina malezi. Nilimkemea mjukuu wako kwa kuficha mkono, na mimi ninao mfukoni miaka kumi na sita.

Kwa hiyo tumeonana. Tafadhali ondoa sanduku mlangoni, watu watajikwaa.

Mwanao,
Silvanus

*

Wasso, 19 Julai 2025

FUNDI!

Umeshika! Umeshika, umeshika! Naandika mikono ikiwa bado na maji ya maziwa, usiangalie madoa.

Koko alikaa tangu asubuhi. Alishusha ngumi juu ya mpini kama ulivyosema, taratibu, nikaona uso wake unabadilika. Mkono wa kulia kwenye mpini, wa kushoto akauegemeza ukingoni kusaidia. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu hatukupiga kelele, tuliogopa. Wa nne yeye mwenyewe akasema, "Mbona mmenyamaza kama msibani?" Basi tukaimba, Fundi, tukaimba mpaka Metui akapiga honi kule stendi bila kujua tunaimba nini!

Mbele kidogo Koko akaacha kuzungusha ghafla. Sinyati akasema bado, ongeza robo. Koko akasema, "Imeanza kukataa. Ukiongeza unaikausha." Akaiacha hapohapo. Unaona? Ameisikia kupitia chuma na mti, kwa mkono uleule.

Bwana Yohani alifika saa nane. Ni mtu wa Kansay, huko kwenu Karatu, mpole, ana kofia ya kazi ndani ya mfuko. Alikata kipande, akatafuna amefumba macho, akakata kingine, akakata cha tatu akakifunga kwenye leso. Kisha akauliza nani amekamua. Sote tukageuka kumtazama Koko. Akaomba naye ajaribu kuzungusha. Akazungusha, Koko akamuuliza, "Umesikia nini?" Akasema hajasikia kitu. "Basi utakuwa unakuja kununua," Koko akamwambia.

Anaichukua kila wiki, kuanzia Ijumaa ijayo! Na alipoondoka, Koko aliingia ndani, nikasikia sanduku linaburutwa. Nikakimbia. Nimemkuta amelisukuma hadi chini ya meza fupi. Anasema mashine ilikuwa inayumba, ilihitaji kitu cha kuizuia.

Rangi tumeacha. Mpini mzuri hivi unapakwa rangi wa nini?

Nanyori

*

Wasso, 28 Julai 2025

Mwanangu Silvanus,

Marahaba. Anayeandika ni Nanyori, anayesema ni mimi Kakenya. Nimemkataza kuongeza maneno yake. (Sijaongeza, Fundi.)

Ashe oleng, asante sana. Usukani wako nimeuelewa, nao umenielewa. Jana walitaka kuniwekea mto kwenye kigoda, nimewafukuza.

Mkono wako umekaa ukutani kwangu, karibu na dirisha. Wageni wanauliza ni wa nani, nawaambia ni wa mtu aliyenitengenezea wangu. Hakuna aliyecheka. Mmoja tu alicheka, Sinyati, maana alisema huo mkono unaonekana unaomba pesa tatu.

Nimekushonea bangili, Metui anakuletea. Najua utataka kuivaa kushoto. Haitapita, itakwama kiganjani. Nimeishona kwa mchoro wa mkono wa kulia. Kiganja cha vidole vitatu ni chembamba, shanga nimepunguza sita. Itapita, haitatoka. Safari hii nafasi nimeipima.

Jumapili Padre wenu akisema mpeane amani, uutoe mfukoni. Mimi wangu uko juu ya mashine mbele ya watu wote wa Wasso.

Kakenya
(hapa ameweka mkono wake mwenyewe, nami nimeuchora)

*

Karatu, Jumapili, 3 Agosti 2025

Shikamoo Bibi.

Nimeutoa.

Upande wangu wa kulia alikaa mzee Emilian, jirani yetu wa miaka mingi. Aliushika, akazitazama shanga, hakuuachia upesi. Aliniuliza kwa kunong'ona, misa ikiendelea, "Hiyo bangili umeshonewa wapi? Imekukaa sawasawa."

Nikamwambia Wasso.

Silvanus